Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Maneno hayo niliyasoma mimi mwenyewe kwenye kipaza sauti, Jumamosi moja ya Julai 2018, chini ya hema la kukodi kijijini kwetu nje kidogo ya Mumias. Alizaliwa Nakuru mwaka 1993. Alisoma pale, akafanya kazi pale. Alituacha baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nikakunja karatasi, nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki. Hakuna aliyeguna. Sentensi hiyo imo katika karibu kila programu ya mazishi niliyowahi kushika, hata huwa nadhani wachapishaji wanayo tayari kwenye kompyuta, wanabadilisha jina na picha tu.

Mdogo wangu alikufa akiwa na miaka 25. Aliugua miaka 25.

Alikuwa na sikoseli, ile ambayo kwenye vitabu vya shule inaitwa seli mundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mtu mwingine ni mviringo na laini, kwake zilikuwa zinajikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo, kama trela la miwa lililopindukia katikati ya barabara: nyuma yake hakuna kinachopita. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Na chembe zenyewe hazidumu. Ya kawaida huishi kama siku 120, zake zilikuwa zinakufa ndani ya siku 10 au 20. Ndiyo maana macho yake hayakuwahi kuwa meupe sawasawa. Yalikuwa na umanjano hafifu, kama karatasi iliyokaa dirishani.

Tulijua kuna jambo alipokuwa na miezi minane. Vidole vya mikono na vya miguu vilivimba kwa pamoja, akawa analia ukimgusa tu. Mama aliamua kwamba yaya amemwangusha akaficha. Yaya aliapa kwa Mungu, akalia, akafukuzwa siku hiyo hiyo na mfuko wake wa nguo. Ilichukua zaidi ya mwaka mwingine, na damu kupimwa mara mbili, kabla hatujaambiwa kwamba kuvimba huko ndiko jinsi sikoseli inavyobisha hodi kwa watoto wengi. Yule yaya hakuwa amefanya lolote. Mama alimtafuta baadaye, hakumpata. Jambo hilo bado linamla.

Baba anatoka Mumias, mama anatoka Busia. Pande zote mbili ni nchi ya mbu, na mtu aliyerithi nusu tu ya ugonjwa huu malaria haimlazi kirahisi. Hivyo nusu hiyo imeishi kwetu karne na karne, huku magharibi na kando ya ziwa, na kule Pwani pia. Wazazi wangu walikuwa nayo wote wawili, wala hawakujua. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto kama mdogo wangu. Kwetu tulizaliwa watano. Ilimwangukia yeye peke yake.

Halafu tukaishi Nakuru! Baba alikuwa na kazi huko, na kazi haichagui hali ya hewa. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Julai yake si ya mchezo. Baridi ni adui wa kwanza wa mwenye sikoseli, pamoja na kukosa maji mwilini, homa, na kuchoka kupita kiasi. Tulikuwa tunapanga vyumba viwili karibu na reli. Usiku wa maumivu, mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya miguu. Nilikuwa nakamua kitambaa kwenye maji ya moto, naufunika muundi wake, nasugua taratibu kwa viganja, wala si kwa vidole kwa sababu vidole vilimuumiza. Hakutaka kuzungumziwa wala kuombewa kwa sauti. Alitaka kimya ili asikie treni ya mizigo. Ikipita, anahesabu mabehewa kwa mlio wa viungio vya reli. "Dada, ishirini na sita." Sijui kama alipata sawa hata mara moja. Treni ikiisha, anasema, "Sugua tu, nyingine inakuja."

Ya hospitali nitayasema kwa kifupi kwa sababu bado nina hasira. Alipokuwa na miaka 19 tulifika mahali fulani saa nane usiku, anatetemeka, anauma shuka. Mhudumu akamwangalia akamwambia mwenzake, "Huyu namjua, anapenda sindano." Mgonjwa wa sikoseli anaijua dawa inayomsaidia na kiasi chake. Kwa mtu asiyejua, ujuzi huo unaonekana kama uraibu. Tulisubiri hadi alfajiri. Tangu siku hiyo alitembea na kadi aliyoiandika mwenyewe: jina la ugonjwa, kundi la damu, dawa anazotumia, na chini kabisa kwa herufi kubwa, TAFADHALI NIAMINI.

Shule ilimshinda kwa kukosa siku nyingi, si kwa kukosa akili. Akajifunza kutengeneza simu. Alipata kibanda chembamba kwenye kichochoro nyuma ya Kenyatta Avenue, upana wake ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, akaweka stuli, taa ya mezani, na kijerikeni cha lita tano cha maji ya kunywa. Simu yake ilikuwa na kengele ya kumkumbusha kunywa. Ikilia, anaacha chochote, hata skrini ikiwa wazi na skrubu zimetapakaa, anakunywa kikombe kizima. Wateja wakamwita Maji. Wapo waliomjia kutengenezewa bomba. Alikwenda mara moja, akalitengeneza, akalipwa. Alikuwa hivyo.

Kwenye kibanda hicho ndipo aliponisimulia habari za Walter Clement Noel. Alikuwa anasafisha simu iliyoanguka chooni, kwa mswaki na spiriti (mchele, alisema, ni wa kupika pilau, hauponyi simu), akaniambia bila kuinua kichwa, "Dada, unajua mtu wa kwanza mwenye sikoseli kuandikwa na madaktari wa Marekani ni nani?" Noel alikuwa kijana wa Grenada, kisiwa kule Karibi. Alifika Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Akaugua, daktari kijana akaipima damu yake, akaona chembe zenye umbo la ajabu, na mwaka 1910 mkubwa wake, James Herrick, akachapisha habari hizo. "Chicago, dada. Kuna theluji. Huku kwetu tunalia na Julai." Noel alimaliza masomo, akarudi kwao, akafungua chumba cha meno. Alikufa mwaka 1916 akiwa na miaka 32, kifua kilimuua. Mdogo wangu akapuliza vumbi kwenye betri. "Mimi nikifika 32 nimemfikia. Nikipita, nimemshinda."

Naye pia kilikuwa kifua. Homa Jumamosi, kikohozi Jumapili mchana, usiku akalazwa, Jumanne asubuhi akawa ameondoka. Jumamosi ile alinipigia akasema kifua kinabana kidogo, nikamwambia avae sweta la pili. Nilikuwa kwenye foleni ya supamaketi. Sina zaidi la kusema kuhusu hilo.

Tulimsafirisha Ijumaa. Ukitoka Nakuru unapanda hadi Mau Summit, unashuka Kericho kwenye mvua na chai, kisha barabara inakutupa chini kwenye tambarare ya Ahero, kwenye mpunga na joto. Tangu utotoni, kila Desemba tukienda nyumbani, Ahero ndipo alipovua sweta. Alikuwa analikunja, analikalia, anashusha kioo cha matatu na kutoa mkono nje, na mama hakumkemea hapo ingawa angemkemea mtu mwingine yeyote. Siku hiyo tulikuwa kimya tangu Kericho. Tulipofika Ahero mama akashusha kioo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Jioni hiyo ndipo tuligombana juu ya programu. Mimi nilikuwa nimeandika sikoseli kwenye wasifu. Baba mdogo akaisoma chini ya mwembe, akavua miwani. "Mwanangu, hii uitoe."

Nikamuuliza kwa nini.

"Angalia hapo." Akaonyesha kwa kidevu wasichana waliokuwa wakimenya viazi: wadogo zangu wawili, na binti zake. "Ukisema damu ya ukoo ina kasoro, nani atakuja kuposa hapa? Marehemu amepumzika. Hawa bado wanaishi."

Hakuwa anasema kwa ubaya. Ndiye aliyekuwa ameuza ng'ombe kuongeza kwenye mchango wa jeneza na gari, wala hakumwambia mtu. Nikamtazama baba. Baba alikuwa amekaa anaangalia mahali kaburi linapochimbwa, akasema tu, "Fanyeni yasiyo na kelele." Nikaenda mjini kwa bodaboda kuchapisha upya. Njiani nikakumbuka kwamba darasa la saba niliandika insha juu ya methali ile ya mficha maradhi, kifo kikamuumbua, nikapata 34 kwa 40, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Kuandika ni rahisi ukiwa na miaka kumi na mitatu na aliyeficha maradhi ni mtu wa kubuni.

Wiki iliyofuata nikafungua kibanda. Kodi ilikuwa imelipwa hadi mwisho wa mwezi na kulikuwa na simu za watu ndani. Nilizihesabu: 19. Kila moja ilikuwa na kipande cha gundi ya karatasi mgongoni na mwandiko wake mdogo wa kuinama. Hakuwa na mazoea ya kuuliza majina. *Mama Njugu, spika, 300, amelipa 100. Mzee wa kofia, hasikii (yeye, si simu). Kijana wa mahindi, chaji, usimdai.* Nikakaa kwenye stuli yake nikisubiri wenyewe. Sijui kutengeneza hata tochi.

Wa kwanza alikuwa wa bodaboda. "Maji yuko?"

"Hayuko."

"Atarudi saa ngapi?"

Nilikuwa nimesema neno "ametutoka" labda mara mia wiki hiyo, kwa simu, kanisani, mochari. Hapo halikutoka. Yule kijana akaniangalia, akaangalia kijerikeni pembeni, kimejaa na kikombe kimefunikiwa juu, akaelewa. Akavua helmeti. Akatoa shilingi 500. Nikamwambia simu yake haijatengenezwa. "Si ya simu," akasema.

Mama Njugu alikuja siku ya tatu na mtoto mgongoni. Alilia wazi wazi, kilio cha kwetu, hadi wenye vibanda vya jirani wakatoka. Nikashangaa, maana deni lilikuwa la spika tu. Ndipo akanieleza. Mwaka uliopita alikuja na mtoto yule akiwa mchanga, Maji akaona vidole vimevimba. Akaacha kazi, akatoka na mama huyo nje ya kibanda penye jua, akavuta ukope wake mwenyewe wa chini kwa kidole. "Angalia rangi, mama. Sasa angalia ya mtoto." Akamwambia kipimo cha kuomba, akamwandikia, akamwambia akiambiwa ni baridi tu asikubali. Mtoto akapatikana nayo. Sasa alikuwa kwenye penisilini na foliki asidi, akipelekwa kliniki kila mwezi. "Aliniambia nisimwache akauke. Kila nikipita hapa alikuwa ananiuliza, mama, amekunywa?"

Baada ya kuondoka kwake nilifungua kitabu cha risiti. Nilitaka kujua nani anadaiwa. Nyuma ya risiti, moja baada ya nyingine, kulikuwa na mchoro ule ule: miraba minne, na ndani ya kila mraba mistari miwili midogo. Sikuuelewa hadi mshona viatu wa mkabala aliponieleza, kwa sababu na yeye alikuwa ameshachorewa.

"Alikuwa anasema kila mtu ni simu ya laini mbili. Moja umepewa na baba, moja na mama. Ukiwa na moja mbovu unapiga kama kawaida, hutajua maisha yako yote. Ukioa mwenye moja mbovu kama wewe, mtoto anaweza kupata nzima mbili, au nzima na mbovu, au mbovu na nzima. Au mbovu zote mbili. Halafu anajigonga kifuani anasema, 'Ndiyo mimi huyu. Sina mtandao.'" Mshona viatu akacheka, akapangusa macho kwa kitambaa chenye rangi ya viatu, akabaki na alama nyeusi shavuni. "Mimi nilipimwa. Nina moja mbovu. Mke wangu hana."

Nilifunga kibanda mapema. Kichochoro kizima kilijua. Wauza mahindi walijua, na wa bodaboda. Yeye mwenyewe alikuwa akisema mchana kweupe, mbele ya watu asiowajua majina, huku sisi wa damu yake tumemzika na muda mfupi.

Hadi mwisho wa mwezi simu 13 zilikuwa zimechukuliwa. Sita nilikwenda nazo nyumbani, na mzee wa kofia hajaja hadi leo.

Mwaka 2020, jioni, binti ya baba mdogo alinipigia kutoka Kisumu. Ndiye aliyekuwa anamenya viazi. Aliolewa Desemba ile ile ya 2018, harusi ikafana, tulicheza sote. Mtoto wake alikuwa na miezi saba. "Dada, mtoto amevimba vidole. Vyote, hata vya miguu. Nadhani yaya amemwangusha, nataka nimfukuze."

Nilikuwa jikoni. Nilizima jiko kwanza.

"Usimfukuze yaya," nikamwambia.

Majibu yalipotoka hakulia. Alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza swali moja, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia: "Kipaza sauti ulikishika wewe, dada. Kwa nini hukusema?" Ningeweza kumtaja baba yake. Sikumtaja, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu, na sauti ilikuwa yangu. Pengine angeolewa na mtu huyo huyo hata kama angejua. Lakini mtoto angepimwa siku alipozaliwa, angeanza dawa mapema, na zile wiki mbili za kumpaka mafuta ya moto zisingekuwepo. Tangu hapo anatumia haidroksiurea, ile inayosaidia mwili kuendelea kutengeneza himoglobini ya uchangani, isiyokunja chembe. Mdogo wangu aliipata mwishoni, tena kwa kurukaruka, mwezi huu ipo, mwezi ujao pesa hakuna.

Agosti 2023 tulifanya makumbusho. Kaburi lilikuwa limejengewa, sufuria zimeazimwa, hema ni lile lile nadhani, maana lilikuwa na kiraka kile kile. Baba mdogo alikuwa amezeeka haraka. Mjukuu wake alikuwa anazunguka na chupa ya maji iliyofungwa shingoni kwa kamba, na kila dakika kadhaa mzee anaita, "We, umekunywa?" Kabla ya wasifu alinisogelea. Hakuomba radhi wala sikutarajia. Alisema, "Safari hii soma yote."

Sikusoma. Niliweka meza mbele, nikapanga simu nne kati ya zile sita, nikazitoa mifuniko ili laini zionekane. Nikaeleza kama mshona viatu alivyonieleza. Nikaonyesha nzima, nikaonyesha mbili zenye nusu. Nikainua ya nne, nikasema huyu ndiye tuliyemzika hapa, na huyu ndiye yule mtoto mwenye chupa. Watu walikuwa kimya, lakini ni kimya cha kufikiri, unaona mtu anamwangalia mkewe kwa pembe ya jicho, anahesabu.

Kukhu, nyanya yetu, ndiye aliyevunja kimya hicho. Anakaribia miaka tisini, huwa tunadhani amelala. Akagonga fimbo chini. "Basi hiyo laini mbovu," akauliza, "ilitoka kwangu au kwa mzee wangu?"

Watu wakacheka, hata mama. Nikamwambia hatujui, kukhu, mpaka upimwe.

Akamkabidhi jirani fimbo. Akapandisha mkono wa sweta hadi juu ya kiwiko, akanyoosha mkono mbele ya watu wote, akasubiri, kana kwamba sindano ninayo.